Mwakilishi Huyu Katumwa na Nani?

Ukitoka Kondele kuingia Manyatta unapita hospitali kubwa ya rufaa yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga langoni. Wazee wa Kisumu bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ukiiacha nyuma unaanza kukutana na nyumba za kupanga zilizoshikana ukuta kwa ukuta, maduka, magenge ya mboga, vinyozi, mafundi wa pikipiki, na mitaro ambayo mvua kubwa ikinyesha huyarudisha maji mlangoni.

Mtaa huu umeona miradi mingi: maji, barabara, taa za mlingoti mrefu, vyoo, upimaji wa ardhi. Kila mradi huja na wafadhili wake na mabango yake, lakini kitu cha kwanza kuzaliwa ni kilekile. Kabla ya bomba kufukiwa na kabla ya lami kumwagwa, huundwa kamati. Kwenye karatasi kamati hiyo huwa imekamilika: wenye ploti, wapangaji, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, wazee wa mtaa. Kila kundi lina kiti chake, na ripoti husema kwamba wananchi wameshirikishwa.

Uwanjani mambo hubadilika. Mkutano wa kuchagua kamati unaitishwa asubuhi ya siku ya kazi. Mpangaji yuko soko la Kibuye anapanga nyanya, au yuko mjengo, au yuko kwenye boda akitafuta abiria. Mwenye ploti yupo, kwa sababu kwake ni palepale na shamba ni la ukoo wake tangu enzi za mababu. Inapofika zamu ya kumchagua mwakilishi wa wapangaji, wanaoinua mikono ni wale waliofika. Anachaguliwa mpangaji kweli, ila ni mpangaji anayeelewana na wenye nyumba. Bomba likishaingia na kodi ya nyumba ikapanda, huyo hatakuwa wa kwanza kuuliza wapangaji wanalindwa vipi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye anawajua kunguni, lakini waliomweka kwenye kiti ni wenye kitanda.

Watu wa mipango hulitaja jambo hili kama kasoro ndogo ya utekelezaji. Mimi nasema ndilo jambo lenyewe, na kwenye ufuo huu wa ziwa lina zaidi ya miaka mia moja.

Reli ilifika hapa, Port Florence ya wakati huo, mwezi wa Desemba 1901. Mji uliojengwa kandokando yake ulipangwa kwa rangi: Wazungu juu kwenye mwinuko unaotazama ziwa, Wahindi katikati na maduka yao, Waafrika pembeni. Manyatta ilikua nje kabisa ya mpaka wa manispaa, na haikuingizwa ndani hadi mapema miaka ya 1970. Kwa miongo mingi mtu wa Manyatta aliubeba mji mgongoni kwa kazi yake, huku baraza la mji likiwa halimhesabu.

Juu zaidi hali ilikuwa hiyohiyo. Baraza la Kutunga Sheria lilianza kukutana mwaka 1907. Walowezi wa Kizungu walipata haki ya kuchagua wajumbe wao, wakapiga kura mwaka 1920. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa nchini Kenya. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini tazama viti vilivyofuata: Wazungu wangechagua wajumbe 11, Wahindi 5, Waarabu mmoja, na Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote hao wakijumlishwa, wangesemewa na mmisionari wa kuteuliwa. Mwaka 1924 kazi hiyo alipewa John Arthur wa misheni ya Kiskoti. Wahindi walikataa kuwekwa kwenye daftari lao peke yao. Walidai daftari moja la wapiga kura wote wenye sifa, na kwa miaka kadhaa wakavisusia viti walivyopewa.

Watu wa Nyanza walikuwa wameshasema lao mapema. Tarehe 23 Desemba 1921 umati ulikusanyika Lundha, Gem, na vuguvugu lililotoka hapo likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Viongozi wake, kina Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa wasomi wa misheni. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe, ardhi ipewe hati, na zijengwe shule za serikali. Walidai pia kitu ambacho miradi ya leo hukiogopa: mkuu wao wamchague wao wenyewe.

Mwaka 1922 Gavana Northey alikuja Nyahera, karibu na Kisumu, akawasikiliza. Kambi zilifungwa, kodi ikapunguzwa. Kipande kikabaki, na madai ya kujichagulia wakubwa yakabaki vilevile. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Owen wa Kanisa la Anglikana akaligeuza vuguvugu lile kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo (jina la eneo hili wakati wa ukoloni), yeye mwenyewe akiwa kiongozi. Wanachama wakahimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Owen hakuwa adui. Aliwatetea watu kwa kalamu yake hadi walowezi wakamchukia, na vyoo vile vilizuia maradhi. Lakini tazama kilichotokea: watu walisimama kudai sauti, wakaondoka na mradi wa usafi.

Sisemi choo ni kitu kidogo. Anayeishi Manyatta wakati wa mafuriko anaijua thamani ya choo kizuri. Nasema kwamba huduma na sauti ni haki mbili, na aliyepewa moja asidhani amelipwa zote.

Mwaka 1931 Ezekiel Apindi wa Nyanza alisafiri hadi London pamoja na Koinange wa Mbiyu na James Mutua, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Iliyochagua nani aende ni serikali. Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, B. R. Ambedkar alikuwa kwenye Mikutano ya Meza ya Duara iliyojadili katiba ya India. Yeye na Rettamalai Srinivasan walialikwa kuwasemea Wadalit, watu ambao jamii ya tabaka za juu iliwaita wasioguswa, ikawafungia visima na mahekalu. Nao pia waliitwa na mtawala. Lakini Ambedkar aliutumia mwaliko ule kuuliza swali ambalo Manyatta inapaswa kuliuliza leo: kiti cha wanyonge kitajazwa kwa kura za nani?

Alidai Wadalit wawachague wajumbe wao kwa daftari lao wenyewe. Agosti 1932 serikali ya Uingereza ikakubali, ikawatengea viti 71 katika mabaraza ya majimbo. Gandhi, aliyekuwa gerezani Yerawada, alipinga akisema hatua hiyo ingeigawa jamii ya Wahindu milele, akaanza kufunga kula tarehe 20 Septemba. Nchi nzima ikamgeukia Ambedkar. Tarehe 24 Septemba akatia saini Mapatano ya Poona. Viti viliongezeka hadi 148, lakini daftari tofauti likafutwa. Wadalit wangeteua wagombea wanne kwa kila kiti, kisha wapiga kura wote, wengi wao wakiwa wa matabaka mengine, wangemchagua mmoja.

Hata miongoni mwa Wadalit hawakuwa na neno moja. M. C. Rajah wa Madras aliunga mkono kura ya pamoja, kwa hoja kwamba anayejitenga kwenye daftari lake huendelea kutengwa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyowaongoza Wahindi wa Kenya walipodai daftari moja. Lakini Ambedkar aliishi kuona kile alichokihofia, na akaandika kwa uchungu kwamba viti viliongezeka huku sauti ikipungua, kwa kuwa aliyeshinda ni yule aliyewapendeza wengi wenye nguvu. Idadi ya viti ni kitu kimoja, mkono unaomkalisha mtu kitini ni kitu kingine.

Kenya ilijifunza somo hilo kwa njia yake. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Kutoka Nyanza aliteuliwa Beneah Apolo Ohanga, na mwaka 1954 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri Kenya. Alikuwa msomi na mtu wa heshima. Machi 1957 Waafrika wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane. Hata hapo kura ilipimwa kwa mizani: kwa elimu, mali au utumishi, mtu mmoja aliweza kupata hadi kura tatu, na asiye na sifa hakupata hata moja. Pamoja na mizani hiyo, Nyanza ya Kati ilimwacha Ohanga ikamchagua Oginga Odinga. Mathu naye akashindwa kwao, na nafasi yake ikachukuliwa na Bernard Mate. Wajumbe wapya wakakataa nyadhifa za uwaziri, wakasema hawatazishika chini ya katiba isiyowapa wananchi uwakilishi wa haki. Waliokuwa wameteuliwa hawakushindwa kwa sababu walikuwa wabaya. Wananchi walitaka mtu wanayeweza kumtuma, na siku wakitaka, kumrudisha nyumbani.

Leo tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 177 kinatenga viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti kwa ajili ya usawa wa jinsia na makundi yaliyotengwa. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Miji ya 2011 inatambua mabaraza ya wakazi. Haya ni matunda ya vita virefu, na sitamsikiliza anayeyabeza. Lakini majina ya viti vya kuteuliwa hutoka kwenye orodha za vyama, na mjumbe wa kamati ya mradi mara nyingi hutoka kwenye mkutano ambao anayemwakilisha hakuweza kuufikia. Swali la Ambedkar halijajibiwa.

Linajibika, na bila gharama kubwa. Mkutano wa wapangaji uitwe Jumapili alasiri, wakati wapangaji wako nyumbani. Mwakilishi wao achaguliwe na wapangaji peke yao, kwa kura ya siri, mwenye ploti asiwepo. Iandikwe tangu mwanzo jinsi ya kumwondoa na kumweka mwingine. Na kabla ya kitu chochote kuamuliwa, akabidhiwe hesabu za mradi, kwa kuwa asiyejua fedha zilizopo hawezi kubishana juu ya matumizi yake.

Ndugu msomaji wa Manyatta, Nyalenda, Obunga au mtaa wowote wa namna hiyo: mradi ujao ukifika, usianze kwa kuuliza bomba litapita wapi. Uliza kwanza anayekusemea katumwa na nani, na nani ana uwezo wa kumwita arudi. Jibu likiwa si wewe na majirani zako, basi nchi bado haijasema.