Nasaha kwa Wazazi: Kijana Anapojifunza Kuchomelea Bati

Kijana wenu akianza kujifunza kuchomelea kwa mashine ya migi, ajue kuwa bati jembamba hutoboka upesi. Bati la milimita 1 hutaka waya wa milimita 0.6 na moto mdogo. Asivute mstari mrefu. Atie nukta fupi mbalimbali, bati lipoe, kisha aziunganishe. Huku kwetu Malindi na Kilifi, upepo wa kusi hupeperusha gesi inayoukinga mshono, ukaachwa na vitundu. Akinge kwa turubai, lakini moshi upate pa kutokea. Bati lenye zinki lisuguliwe kwanza penye mshono, kwani moshi wake huleta homa.

Miwani ya jua haitoshi: usiku macho huwasha kama yaliyotiwa mchanga. Kinyago chenye kioo cha kuchomelea kihesabuni pamoja na ada ya kumfunza.