Kabla hujaiuza pikipiki ya babu kwa chuma chakavu

Katika nyua nyingi za Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, utaikuta pikipiki kuukuu imeegemezwa ukutani. Enzi zake ilimbeba bwana shamba, mwalimu mkuu au babu aliyekuwa akiwahi samaki alfajiri. Sasa matairi hayana upepo, kuku wanalala kwenye kiti, na mnunuzi wa chuma chakavu hapiti bila kuuliza: "Mama, hiyo hamuiuzi?"

Wengi huuza kwa sababu wameambiwa spea zake hazipo tena. Lakini spea isiyopatikana dukani mara nyingi inaweza kuchongwa, na mji huu haujawahi kupungukiwa mikono ya kazi hiyo. Makoroboi, pale katikati ya mji, pamepata jina kwa mafundi wanaogeuza makopo na mabati kuwa taa za koroboi. Huko ziwani, MV Victoria ya mwaka 1961 ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, badala ya kukatwa vipande.

Kama nyumbani kuna kijana anayefungua kila kitu chenye skrubu, pikipiki hiyo inaweza kuwa darasa lake. Ila mzazi anapaswa kujua jambo moja mapema: ipo spea ya kuchonga, na ipo ambayo ikichongwa vibaya inaua.

TAFUTA KWANZA, CHONGA BAADAYE

Andikeni orodha ya vilivyoharibika, kisha zungukeni kwenye maduka ya spea za bodaboda. Chukua mfano wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na huonana na fundi kwa nadra. Injini yake ni rahisi kuifungua, na viwanda vya China viliufuata muundo huo kwenye injini zao nyingi za cc 125. Ndiyo maana mwenye CG ya zamani anaweza kupata ringi au klachi katika duka la leo, mradi aende na kifaa cha zamani mkononi na kupimanisha.

Kama silinda imelika, nunueni pistoni kwanza. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo milimita: 56.75, 57.0 na kuendelea. Fundi akitanua silinda kabla pistoni haijapatikana, mnaweza kubaki na tundu lisilo na mwenzake.

Vinavyobaki kwenye orodha kwa kawaida ni vidogo: bushi, spesa, pini, vishikio vya taa na vya tangi. Hivyo ndivyo vya kupeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma.

KIPIMO NDIYO KAZI YENYEWE

Tuseme bushi za mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma zimekwisha, na pikipiki inayumba kama mtumbwi. Kijana akimpa fundi bushi iliyolika na kumwambia "nichongee kama hii", atarudi nyumbani na bushi mpya yenye kasoro ya ile ya zamani.

Anachotakiwa kupima ni vitu viwili ambavyo bushi inakaa kati yake: chuma kinachopita ndani, na tundu inamogongewa. Apime kwa vernia, mahali ambapo hapajalika, mara tatu, na aandike. Kama chuma cha ndani kina milimita 15.00, tundu la bushi litakuwa kama 15.03, ili grisi ipate nafasi. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kwa nje, bushi huwa kubwa kidogo kuliko nyumba yake ili ibane. Ikishagongewa ndani, tundu lake husinyaa kidogo, kwa hiyo fundi makini hulimalizia baada ya kuiweka, si kabla.

Kisha kijana achore mchoro wenye vipimo vyote. Mchoro mmoja hupunguza ubishi na fundi, na ukihifadhiwa, bushi nyingine ikihitajika baada ya miaka mitano hakuna wa kubahatisha. Hapo ndipo hesabu za desimali zilizomchosha darasani zinapopata kazi.

Ulizeni pia kinachochongwa ni chuma gani. Bronzi hufaa kwa bushi. Nondo ya ujenzi haifai kwa ekseli, hata kama unene ni uleule. Sproketi ya chuma laini itang'aa siku ya kwanza na kuliwa na cheni baada ya muda mfupi, kwa kuwa meno yake yanahitaji chuma kilichokomazwa kwa moto.

VISIVYOCHONGWA MTAANI

Ekseli ya mbele, shina la usukani na vifaa vya breki vinunuliwe, hata ikibidi kusubiri miezi. Usukani uliochomelewa ufa wake unaweza kukatika ghafla barabarani, ukiwa umempakia mtoto.

Breki za zamani zina hatari nyingine. Nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usiruhusu mtu alipulize kwa mdomo au kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Kijana akienda kutazama mashine ya kukereza, avae miwani ya kinga na nguo zisizoning'inia. Mwenye nywele ndefu azifunge. Glavu aziache nje: mashine ikiinasa glavu, huvuta na mkono.

RAFU YA VILIVYOVUNJIKA

Burt Munro wa New Zealand alinunua pikipiki aina ya Indian mwaka 1920 na kuitengeneza kwa miaka mingi. Pistoni alizimimina mwenyewe; konrodi alizichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya takriban kilomita 296 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani. Nyumbani alikuwa na rafu ya vipande vilivyovunjika. Mpe mwanao rafu kama hiyo, na usimgombeze kwa kila bushi iliyoharibika.

KADI KABLA YA FEDHA

Angalieni jina kwenye kadi ya pikipiki. Kama mwenyewe ameshafariki, hiyo ni mali ya mirathi. Waketisheni baba wadogo na mashangazi na mkubaliane kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, kwani chuma kilichokuwa hakina mwenyewe hupata wenyewe wengi siku kinapowaka.

Baada ya hapo, anzeni na bushi moja tu. Akiipima, akaichora na ikaingia sawasawa, nenda naye VETA ukaulize kuhusu mafunzo ya kukereza vyuma. Akichoka njiani, mnunuzi wa chuma chakavu atapita tena wiki ijayo.