Kusaka Hazina kwa Simu: Burudani ya Likizo Isiyoumiza Mfuko

Kila shule zinapofungwa, mzazi wa Arusha hukabiliwa na swali lile lile: watoto watafanya nini, na kwa gharama gani? Jiji hili limezungukwa na vivutio vinavyowaleta wageni kutoka pembe zote za dunia, lakini mwenyeji wengi wao huviona kwa mbali, akidhani kwamba kila starehe inayohusu mlima, ziwa au msitu ni ya mwenye fedha nyingi. Makala hii inaeleza mchezo mmoja unaoweza kuchezwa kwa gharama ndogo. Inaeleza pia mahali ambapo gharama hujificha, ili mtumiaji ajue anacholipia kabla ya kutoa fedha.

Mchezo wenyewe ni nini

Mchezo huu huitwa jiokashingi. Mtu huficha kopo dogo mahali panapofikika, ndani yake akiweka daftari la kusaini na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Kisha hutangaza namba za mahali hapo, yaani latitudo na longitudo. Wengine huzitumia namba hizo kukitafuta kificho, husaini daftari, hukirudisha kopo palepale lilipokuwa, na hutoa taarifa kwamba wamelipata. Anayechukua kitu kidogo huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Mchezo ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo Serikali ya Marekani, inayomiliki mfumo wa setilaiti wa GPS, iliupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayopokelewa na raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Upunguzaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa Mei 2000. Tarehe 3 ya mwezi huo, Dave Ulmer aliificha ndoo yenye vitu vidogo katika jimbo la Oregon na kutangaza namba zake kwenye intaneti ili watu wajaribu kuitafuta. Leo vificho vimesajiliwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, ingawa vya hapa kwetu ni vichache ukilinganisha na vya Ulaya au Marekani.

Kipi ni bure, kipi si bure

Hili ndilo jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulielewa kuliko yote. Simu inapotafuta mahali ilipo, hupokea mawimbi ya setilaiti kama redio inavyopokea matangazo. Mawimbi hayo hayatozwi chochote. Hayahitaji kifurushi cha intaneti, wala hayahitaji mtandao wa simu. Simu janja iliyo mahali pa wazi huweza kuonyesha ilipo kwa kosa la takribani mita tano, hata kama haina salio. Chini ya miti mirefu au kati ya majengo, kosa huongezeka.

Kinachokula kifurushi ni picha ya ramani inayopakuliwa wakati unatembea, pamoja na matangazo ya biashara ndani ya programu. Kwa hiyo pakua ramani ya Arusha na Meru ukiwa nyumbani au mahali penye intaneti ya bure, kisha zima data kabla ya kuondoka. Atakayefanya hivyo anaweza kushinda siku nzima akitembea bila kutumia hata megabaiti moja.

Gharama ya pili ni programu yenyewe. Mtandao mkuu wa mchezo huu unatoa uanachama wa msingi bila malipo na uanachama wa kulipia wenye huduma za ziada. Kwa anayeanza, wa msingi unatosha. Baadhi ya programu za simu humpa mtumiaji siku chache za majaribio ya bure, kisha huanza kukata fedha kwenye kadi au pochi ya simu, na makato hayo hujirudia kila mwezi au kila mwaka mpaka mwenyewe asitishe. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Ni lazima uingie kwenye orodha ya huduma unazolipia katika akaunti yako na kujiondoa huko. Kabla ya kukubali majaribio yoyote, andika tarehe yatakayokwisha, na simu ikukumbushe siku mbili kabla.

Gharama ya tatu ni mahali unapokwenda. Mchezo kuwa bure hakumaanishi kwamba lango ni bure. Tuangalie mifano mitatu iliyo karibu nasi.

Katikati ya jiji

Njia nafuu kuliko zote ni kutembea kwa miguu mjini. Familia inaweza kuanzia kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, ikapita Boma la kale lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, na ikamalizia kwenye Mnara wa Azimio la Arusha unaokumbusha tamko la mwaka 1967. Ndani ya makumbusho kuna kiingilio. Nje barabarani hakuna.

Hata kama hakuna kificho kilichosajiliwa kwenye njia hiyo, mzazi anaweza kuutengeneza mchezo wake mwenyewe. Atembee njia hiyo siku moja kabla, achukue namba za sehemu tano, na kwa kila sehemu aandike swali ambalo jibu lake linaonekana pale pale: mwaka ulioandikwa ukutani, idadi ya ngazi, rangi ya lango. Watoto watapewa namba na maswali, na hazina yenyewe itawasubiri nyumbani. Mchezo wa namna hii hauhitaji programu ya kulipia, na hauachi kitu chochote barabarani.

Tahadhari moja ni ya lazima. Arusha ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ina majengo mengine mengi yanayolindwa. Mtu anayepapasa kuta au kuacha kopo lililofungwa karibu na majengo hayo atatiliwa shaka, na walinzi watakuwa na haki ya kumhoji. Usifiche wala usitafute chochote karibu na majengo ya Serikali, benki, vituo vya polisi au mitambo ya umeme. Ukiulizwa, eleza mchezo wako kwa adabu na uonyeshe simu yako.

Ziwa Duluti

Ziwa hili la kreta liko Tengeru, kandokando ya barabara kuu iendayo Moshi, na linafikika kwa daladala na mwendo mfupi wa miguu. Limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kuna ada ya kuingia. Uliza ada hiyo langoni, ulipe kwa utaratibu rasmi na udai stakabadhi. Anayekupokea njiani na kukuambia kwamba ada hulipwa kwake mkononi hastahili kupewa fedha yako. Malipo ya taasisi za Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi hutolewa papo hapo.

Hifadhi ya Taifa Arusha na Mlima Meru

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa ndani yake. Kwa msaka hazina ina mvuto wa pekee. Upande wa mashariki wa mlima uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha bonde kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi, na maziwa ya Momella yanalala juu ya kifusi cha poromoko hilo. Kuna aina ya jiokashingi isiyo na kopo lolote, ambayo mchezaji hufika mahali, husoma sura ya nchi na kujibu maswali ya jiolojia. Hiyo ndiyo aina inayofaa hapa.

Aina ya makopo haifai hapa. Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuchimba, kuacha vitu au kutoka nje ya njia bila kibali. Shimo la Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni, kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kushuka chini. Matembezi ya miguu huongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu nyati na tembo wapo kweli. Kwa hiyo ziara ya hapa ina kiingilio, ina ada ya matembezi, na mara nyingi ina gharama ya gari. Viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya wageni wengine, lakini lazima uonyeshe kitambulisho. Familia ikisahau vitambulisho nyumbani inaweza kujikuta inarudi kutoka lango la Ngongongare bila kuona hata twiga mmoja.

Ukikodi mwongozaji au gari, omba bei kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, unaotaja kilichomo na kisichomo: je, kiingilio kimo? Chakula? Mafuta? Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyoainishwa.

Namba isomwe kwa makini

Makosa mengi ya mchezo huu ni ya kusoma namba. Jiji la Arusha liko karibu na latitudo 3° 22′ Kusini na longitudo 36° 41′ Mashariki. Dakika moja ya latitudo ni takribani kilomita 1.85. Ukiandika 22.040 badala ya 22.400 utakosea kwa zaidi ya mita 600. Ukiweka herufi ya Kaskazini mahali pa Kusini, simu itakuelekeza kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Mpe mtoto kazi ya kusoma namba kwa sauti na mwingine aihakiki. Hilo peke yake ni somo la jiografia.

Kwa wanaosafiri kwa meli

Kanuni ya kupakua ramani mapema inamfaa zaidi mtu aliye kwenye meli ya kitalii, awe ni ndugu anayetoka ughaibuni au Mtanzania aliyebahatika kupata safari hiyo. Meli hizo hutia nanga Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa kwa saa chache tu, na ziara zinazouzwa ndani ya meli huwa ghali. Kutembea Mji Mkongwe ukiwa na namba za mahali kwenye simu ni mbadala wa bei ndogo. Ila simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni mara tu meli inapoondoka bandarini, kwa kuwa mtandao wa simu wa baharini hutozwa viwango vya juu kuliko vya nchi kavu. Simu itaendelea kupokea mawimbi ya setilaiti kama kawaida. Na aliyetembea peke yake arudi mapema, kwa kuwa meli haimsubiri.

Taarifa zako na usalama wako

Programu inayojua ulipo inajua pia unapoishi. Iruhusu kutumia mahali ulipo pale tu unapoitumia, na mtoto asisajiliwe kwa jina lake halisi wala picha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani.

Unapotafuta, usiingize mkono kwenye shimo usiloona ndani, tumia fimbo. Wakati wa masika, vijia vya miteremko ya Meru huteleza, hivyo ahirisha. Ukificha kopo lako kwenye shamba au kiwanja cha mtu, omba ruhusa kwanza. Tumia kopo la bati au chupa yenye kifuniko madhubuti; usilifunge kwa mfuko wa plastiki, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mambo ya kukumbuka kabla ya kutoka

1. Pakua ramani nyumbani, kisha zima data.
2. Anza na uanachama usiolipiwa. Usiweke namba ya kadi kwa ajili ya majaribio.
3. Uliza kiingilio kabla ya safari, na mbebe vitambulisho.
4. Lipa kwa utaratibu rasmi na udai stakabadhi.
5. Mweleze mtu mmoja nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Namba ya dharura ni 112.

Ukiona umekatwa fedha usizoridhia au umepewa huduma tofauti na iliyotangazwa, anza kwa kumwandikia mtoa huduma, na utunze nakala. Asipokujibu au usiporidhika, peleka lalamiko kwa mamlaka inayohusika: TCRA kwa huduma za mawasiliano, Tume ya Ushindani kwa udanganyifu katika bidhaa na huduma nyingine, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa matumizi mabaya ya taarifa zako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040. Stakabadhi, ujumbe wa bei na tarehe ulizoandika ndivyo vitakavyolisimamisha lalamiko lako. Vitunze mpaka likizo iishe na hesabu zote zifungwe.