Biti, Baiti na Kasi ya Diski Kongwe: Ufafanuzi wa Vipimo na Istilahi Zake

1.0 Utangulizi

Tuchukulie mtafiti wa fasihi simulizi aliyeko Mwanza, mwenye diski ya baiti bilioni 40 iliyojaa rekodi za ngano na nyimbo za Kisukuma. Baadhi ya wasimulizi wamekwisha kufariki, na rekodi hizo hazina nakala. Diski ni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo imechakaa. Kabla ya kuiwasha, mtafiti hana budi kujua kazi ya kunakili itachukua muda gani, kwani ikikatizwa katikati huenda diski isiwake tena. Makala haya yanakusudia kufafanua namna ya kukadiria muda huo, na kuonyesha kwamba makosa mengi ya makadirio hayo chanzo chake ni istilahi, wala si hesabu.

2.0 Vipimo Viwili

Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa: sifuri au moja. Baiti, kwa matumizi ya leo, ni biti 8. Istilahi ya kwanza ilichapishwa na Claude Shannon mwaka 1948, naye akaeleza kuwa ilipendekezwa na John Tukey. Ya pili ilibuniwa na Werner Buchholz mwaka 1956, na tahajia yake ya Kiingereza ilibadilishwa kwa makusudi ili isichanganywe na ile ya kwanza.

Katika Kiswahili maneno haya mawili yanatofautiana waziwazi kimatamshi. Tatizo huzuka katika vifupisho, ambapo b ndogo husimama badala ya biti na B kubwa badala ya baiti. Hali kadhalika, vifurushi vya simu hupimwa kwa baiti, ilhali kasi ya mtandao hutangazwa kwa biti kwa sekunde; msomaji huona “mega” pande zote mbili akadhani ni kipimo kimoja. Mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hafanyi kosa la namna hiyo: akitajiwa bei, huuliza kwanza kama ni ya debe au ya gunia.

3.0 Kubadili Kasi

Kiolesura ni njia, pamoja na kanuni zake, inayoiunganisha diski na kompyuta. Violesura vya zamani tunaweza kuvigawa katika makundi matatu.

(a) Violesura sambamba hupitisha biti kadhaa kwa mpigo mmoja. SCSI ya kwanza, iliyosanifiwa mwaka 1986, ilipitisha biti 8 kwa mpigo, hadi mipigo milioni 5 kwa sekunde. Yaani baiti milioni 5. Njia ikipanuliwa kuwa ya biti 16 na mipigo kuwa milioni 10, tunapata baiti milioni 20. ATA sambamba ya mwisho hutajwa kwa namba 133. Hizo tayari ni baiti milioni kwa sekunde, hivyo hazigawanywi tena.

(b) USB hutajwa kwa biti. Milioni 12 za USB 1.1 zikigawanywa kwa 8 ni baiti milioni 1.5, milioni 480 za USB 2.0 ni baiti milioni 60. Hivyo ni vikomo tu, kwani sehemu ya njia hutumiwa na taarifa za uendeshaji.

(c) SATA ya kwanza hupitisha biti bilioni 1.5 kwa sekunde, lakini kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10. Kwa mfano wetu wa sokoni, 8 ni dagaa na 2 ni uzito wa gunia lenyewe. Kwa hiyo tunagawanya kwa 10, na jawabu ni baiti milioni 150, wala si 187.5.

4.0 Matumizi

Tumrejee mtafiti wetu. Diski yake ni ya ATA 133, lakini anaiunganisha kwa kifaa cha USB 1.1. Kasi ya safari nzima huamuliwa na mahali pembamba kuliko pote, yaani baiti milioni 1.5 kwa sekunde. Baiti bilioni 40 zitahitaji takriban saa 7 na dakika 24, hata bila kuhesabu upotevu. Iwapo angesoma 12 kuwa baiti, angetarajia dakika 56, na huenda angeichomoa diski akidhani imekwama. Kwa USB 2.0 kikomo cha chini ni kama dakika 11, ingawa diski kongwe huweza kusoma polepole kuliko kiolesura chake.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa namba ya kasi haina maana mpaka yajulikane mambo matatu: kipimo chake, mzigo wa usimbaji wake, na sehemu nyembamba ya njia. Tunapendekeza waandishi wa Kiswahili waandike “biti kwa sekunde” na “baiti kwa sekunde” kwa ukamilifu, badala ya kutegemea ukubwa wa herufi moja. Lugha imekwisha kutupa maneno mawili yasiyofanana. Kuyafupisha ni kuirudisha tofauti hiyo gizani.