Redio ya Mlinzi: Umbali Haununuliwi kwa Wati

Katika mitaa mipya ya Mugutha, kati ya Ruiru na Juja, redio za mkononi, maarufu kama redio koli au wokitoki, zimekuwa kifaa cha kila siku. Utaziona kwa walinzi wa mageti, kwa mafundi wa majengo yanayopandishwa na kwa vijana wanaopanga magari harusini. Swali la kwanza la mnunuzi huwa moja: inafika kilomita ngapi? Jibu lililochapishwa kwenye boksi hupotosha watu wengi, na kamati za wakazi hupoteza pesa kwa sababu hiyo.

Redio hizi huzungumza moja kwa moja, antena kwa antena, bila kupitia mlingoti wa kampuni ya simu. Stima ikipotea na mtandao ukayumba, bado zitafanya kazi mradi betri ina chaji. Ukibonyeza kitufe mara moja, wenzako wote walio kwenye chaneli hiyo wanakusikia papo hapo. Kwa mlinzi aliyeona mtu akiruka ukuta, sekunde hizo ni muhimu kuliko kutafuta namba kwenye simu.

Sasa tuje kwenye umbali. Mawimbi ya redio hizi husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, lakini dunia ni mviringo. Watu wawili wakisimama kwenye ardhi tambarare, antena zao zikiwa mita 1.5 kutoka chini, mviringo huo peke yake huweka kikomo cha karibu kilomita 10. Hapo bado hatujahesabu nyumba za mawe ya Ndarugo, ghorofa za zege na mapaa ya mabati. Katikati ya majengo, kilomita hizo 10 hushuka hadi moja au mbili, na pengine hata mita mia kadhaa.

Mwenye redio moja akipanda juu ya ghorofa, antena yake ikawa mita 12 kutoka chini, kikomo kile kinasogea hadi karibu kilomita 19, na redio ni ileile. Lakini ukibadilisha redio ya wati 5 kwa ya wati 10, hata mahali pasipo na kizuizi chochote, umbali huongezeka kwa takriban asilimia 40 tu. Ndiyo maana mtaa mkubwa wenye shida ya mawasiliano hufaidika zaidi na antena iliyowekwa juu ya paa, au na repita, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena kutoka mahali pa juu.

Masafa nayo yana nafasi yake. Redio za VHF, za megahezi 136 hadi 174, hufaa mashamba na sehemu za wazi kama zile za kahawa zinazozunguka Ruiru. Za UHF, kuanzia megahezi 400 hivi, hupenya vizuri zaidi kwenye vyumba, ngazi na vichochoro. Kwa mtaa uliojaa ghorofa, chagua UHF.

Jambo la pili linalopotosha ni usiri. Wauzaji husifu misimbo ya faragha. Kwa kweli hiyo ni toni ndogo isiyosikika, inayoifanya redio yako inyamaze mpaka mtu mwenye toni hiyohiyo azungumze. Inakukinga na kelele za wengine, lakini haiwazuii wao kukusikia: yeyote aliye kwenye masafa hayo, akizima toni, anapata kila neno. Kwa hiyo usitaje redioni nyumba ambayo wenyewe wamesafiri, wala saa ambayo mlinzi anabadilishana zamu. Anayehitaji usiri wa kweli anunue redio za dijitali zenye usimbaji fiche.

Matumizi mazuri hujifunzwa kwa muda mfupi. Bonyeza kitufe, subiri kidogo kabla ya kusema, la sivyo neno la kwanza litakatika. Shika redio wima, karibu na mdomo bila kuugusa. Mtaje unayemwita kwanza, kisha ujitaje:

"Doria, Doria, hapa Geti."

"Geti, nakupata, sema."

"Kuna Probox nyeupe imepita bila kusimama, inaelekea geti la nyuma. Ova."

"Roja. Probox nyeupe, geti la nyuma. Naenda."

"Ova" ni kusema umemaliza na unasubiri jibu, na "Roja" ni kusema umepokea. Aliyepokea amerudia jambo lenyewe, na aliyetuma amejua limefika. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja hawasikiani, na anayeongea ovyo huwafungia wenzake wote njia. Kumbuka pia kwamba kurusha sauti hula betri kuliko kusikiliza. Wala usibonyeze kitufe antena ikiwa imetolewa, kwa kuwa unaweza kuunguza sehemu inayorusha mawimbi.

La mwisho ni sheria, nalo hupuuzwa sana. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kutumia masafa kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa chenyewe kinapaswa kuwa kimeidhinishwa. Kuuzwa dukani si ruhusa ya kutumia. Redio ya bei nafuu kama Baofeng UV-5R huruhusu mtu kuandika masafa mengi kwa vidole, yakiwemo ya wenyewe. Megahezi 156.8, kwa mfano, ni chaneli 16 ya baharini, inayosikilizwa kwa ajili ya vyombo vilivyo hatarini. Anayecheza na masafa asiyopewa anaweza kumziba mdomo mtu anayeomba msaada.

Basi kabla kamati yenu haijachanga pesa, fanyeni mambo matatu. Ombeni muuzaji awaletee redio mbili mzijaribu kutoka geti la mbele hadi nyumba ya mwisho, milango ikiwa imefungwa. Mwambieni awaonyeshe uthibitisho kwamba redio zimeidhinishwa, kisha ombeni leseni ya masafa. Halafu tengeni alasiri moja ya kuwafunza walinzi kuzungumza redioni. Mtaa uliofanya haya kwa redio za kawaida uko salama kuliko ule ulionunua za bei ghali bila kumfunza mtu.