Chaki ya Sherifu na Kiboko cha Mwalimu

Nikiri mapema, ndugu msomaji, kuwa mimi ni mpenzi wa sinema za kauboi. Sisemi zile za kulipiza kisasi, ambamo maiti hurundikana kama magunia ya mahindi msimu wa mavuno. Nasema zile za mzaha na ucheshi, ambazo baba anaweza kuzitazama sebuleni pamoja na watoto wake wote, hata kama mama mkwe amekuja kuwatembelea, pasi na yeyote kuinamisha uso kwa haya. Najua wapo walimu wenzangu watakaoguna wakisoma maneno haya. Watauliza iwapo mtu aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi amekosa jambo la maana la kuandikia. Naomba wanivumilie. Wala sikusudii kuzisifu sinema hizi kupita kiasi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mapenzi yangu yalianza utotoni, katika miaka ya sabini, wakati gari la sinema lilipokuwa likifika sokoni kwetu. Jua lilipotua, kitambaa cheupe kilitundikwa, jenereta ikaanza kunguruma, na kijiji kizima kikaketi chini. Kwanza tulionyeshwa matangazo ya sabuni na majani ya chai, kisha farasi wakatokea. Lugha ya wale watu hatukuielewa, lakini hapakuwa na haja ya mkalimani. Mwovu tulimjua kwa jinsi alivyotema mate, na mwema tulimjua kwa jinsi alivyomsalimu bibi kizee. Kesho yake kila mtoto alikuwa na farasi wa kijiti na bastola ya mti. Wala hatukuwa peke yetu katika wazimu huo. Mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, vijana wa miaka ya hamsini walivaa kikauboi na kujiita "Bill," kwa kumwiga Buffalo Bill wa kwenye sinema.

Historia ya sinema za kauboi ni ndefu takriban kama historia ya sinema yenyewe. Mnamo mwaka 1903 Edwin S. Porter alitoa filamu fupi ya wizi wa gari la moshi, The Great Train Robbery, ikawa miongoni mwa za mwanzo kabisa kusimulia kisa kamili. Katika miaka ya thelathini na arobaini wakazuka makauboi waimbaji kama Gene Autry na Roy Rogers, ambao gitaa lilikuwa karibu nao kuliko bastola. Mwaka 1937 Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene, walikwenda Magharibi kuchekesha watu katika Way Out West. Miaka miwili baadaye James Stewart aliigiza katika Destry Rides Again kama naibu wa sherifu anayekataa kubeba bunduki, hadi mambo yanapomfika shingoni. Waitaliano nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1970 walitoa kisa cha Trinity, ambamo Terence Hill na Bud Spencer huwatetea walowezi wanyonge wa dini ya amani kwa makofi na ngumi zinazochekesha zaidi ya kuumiza. Mwaka 1975 kampuni ya Disney ikaleta The Apple Dumpling Gang, kisa cha mayatima watatu, mcheza kamari aliyeangukiwa na jukumu la kuwalea, na wezi wawili wasioweza kuiba hata kivuli chao.

Siri ya mvuto wa sinema hizi ni ipi? Kwa maoni yangu, ni ile ile siri ya hadithi za sungura na fisi, na visa vya Abunuwasi tulivyosimuliwa na wazee. Mji ni mdogo na watu wake wanajulikana kwa majina. Kuna mwenye nguvu anayewaonea wengine. Anatokea mtu mmoja asiye na mabavu makubwa ila ana akili, ulimi mwepesi na moyo mtulivu. Mwishowe mwenye nguvu anaaibika, na aibu yake inatosha kuwa adhabu. Mtoto aliyelelewa na hadithi za sungura hahitaji kufundishwa namna ya kuitazama sinema ya aina hii. Anaifahamu tayari, ila safari hii sungura kavaa kofia pana.

Kati ya zote, inayonigusa zaidi ni Support Your Local Sheriff! ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Burt Kennedy. Mji mmoja umepata dhahabu, na pamoja na dhahabu ukapata fujo. James Garner anaigiza mpita njia mmoja ambaye husema kwamba safari yake hasa ni ya kwenda Australia. Kwa kuwa anahitaji fedha, anakubali kuwa sherifu. Kazi yake ya kwanza ni kumkamata kijana jeuri wa familia inayouonea mji ule. Anamkamata, anamleta jela, na hapo ndipo kituko kinapoanza: jela ni mpya na nondo zake hazijafika! Hakuna kinachomzuia mfungwa kutoka. Sherifu hababaiki. Anachora mstari wa chaki sakafuni mahali nondo zilipopaswa kuwa, na karibu na mstari ule pana matone ya rangi nyekundu. Mfungwa anauliza matone yale ni ya nini. Sherifu anamdokezea kuwa ni ya yule aliyetangulia kujaribu kuvuka. Kijana anarudi nyuma, anaketi kitandani, na jela inakuwa jela.

Nitawasimulia jinsi kichekesho hicho kilivyoniingia maungoni. Ilikuwa mwaka 2001, mwaka ambao serikali yetu ilifuta kanuni zilizoruhusu adhabu ya viboko shuleni. Chumba cha walimu kilikuwa kama nyumba yenye matanga. Mmoja alisema elimu ya Kenya imekwisha. Mwingine alisema watoto sasa watatupanda vichwani. Nami sikunyamaza. Nilikuwa na kijiti changu cha mpera, laini kwa miaka ya kushikwa, nilichokificha nyuma ya kabati. Nilikuwa mwalimu wa kuogopwa, na nilijivunia jambo hilo. Niliposikika nikija, darasa lilinyamaza kama makaburi, nami nikadhani ukimya ule ulikuwa heshima.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, niliagizwa kuwatafutia wanafunzi wa Kidato cha Pili burudani ya Jumamosi. Nilikwenda mjini nikakodi kanda ya sinema hiyo, tukawasha televisheni ya shule bwaloni. Walicheka hadi wengine wakashuka kwenye mabenchi. Jumatatu nilipoingia darasani nilikuta ukimya wa aina nyingine. Sakafuni, kati ya meza yangu na madawati yao, palikuwa na mstari mrefu wa chaki, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Kando yake palikuwa na matone matatu ya wino mwekundu.

Ndugu msomaji, mkono wangu ulikwisha kuanza kuelekea kwenye kabati. Wanafunzi arubaini na kitu walikuwa wakinitazama bila kupepesa macho. Sijui ni nini kilichonizuia, lakini nilijikuta nikiuliza, "Haya, ni nani aliyefungwa hapa, ni mimi au ni ninyi?" Darasa lilipasuka kwa kicheko. Nami nikacheka, jambo ambalo nadhani hawakuwa wamepata kuliona.

Kicheko kilipotulia, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono. Alikuwa mtulivu sana, na mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akijibu swali asiloulizwa. Alisema, "Lakini Mwalimu, sherifu alimdanganya yule kijana. Ile haikuwa damu. Alimfunga kwa woga tu."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimepanga kuwaambia kuwa sherifu yule ni mfano wa uongozi usiotumia mabavu, na kuwa hata sisi walimu tungeweza kuishi bila kiboko. Msichana yule alinionyesha kwa sentensi tatu kwamba chaki yenye matone mekundu ni ndugu wa kiboko. Zote mbili humfanya mtu atulie kwa kufikiria maumivu. Siku mfungwa atakapogundua kwamba ile ni rangi, mstari utabaki kuwa chaki tu, na chaki hufutika kwa unyayo. Na kijiti changu cha mpera je? Siku serikali iliposema kisitumike, nilibaki na nini mkononi? Utulivu ule wa darasa langu niliodhani ni heshima ulikuwa umechorwa kwa rangi nyekundu.

Hata hivyo, tulipoendelea kujadiliana tuliona kuwa sherifu alikuwa na kingine zaidi ya ujanja. Hapayuki. Hamtukani mfungwa wake, bali huzungumza naye kama mtu na mwenzake. Baba wa kijana anapofika na bastola, sherifu anaingiza kidole kwenye mdomo wa bastola ile, kwa utulivu wa mtu anayepima joto la uji. Anapojiwa na muuaji wa kukodiwa anayetaka kupigana naye kishujaa barabarani, anamfukuza kwa kumrushia mawe kama afukuzaye mbwa mdokozi. Yeye hakubali kwamba ukatili ni jambo la kuheshimiwa. Nadhani hapo ndipo penye fundisho la kweli la sinema hizi, na ndipo penye tofauti kati yake na zile za kisasi. Sinema ya kisasi humfanya mwenye bunduki aonekane mkubwa. Sinema ya mzaha humfanya aonekane mjinga.

Swali la pili lilitoka kwa kijana aliyezaliwa katika jamii ya wafugaji kaskazini. Aliuliza, "Mwalimu, hawa wanaitwa wachunga ng'ombe. Ng'ombe wao wako wapi?" Darasa lilicheka tena, ila yeye hakucheka. Kwao ng'ombe si mchezo, na watu walikuwa wamekufa kwa ajili yao. Swali lake lilinituma maktabani. Nilijifunza kuwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, mifugo ilikuwa mingi na ya bei ya chini huko Texas, ilhali nyama ilihitajika sana miji ya kaskazini na mashariki. Kuanzia mwaka 1867 ng'ombe waliswagwa kwa majuma na miezi hadi Abilene, Kansas, wakapakiwa kwenye gari la moshi. Kazi ilikuwa ya vumbi, ya usingizi mchache na ya malipo haba. Seng'enge, iliyopewa hataza na Joseph Glidden mwaka 1874, pamoja na kuenea kwa reli, ilifanya safari hizo zikome baada ya miaka ishirini hivi. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa takriban mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa Mwafrika-Mmarekani, na wengi wengine walikuwa Wameksiko. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, alikuwa naibu afisa wa sheria wa serikali kuu kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini katika sinema tulizozitazama sokoni, mtu mweusi juu ya farasi nilikuwa sijamwona hata mmoja.

Wenyeji wa asili wa nchi ile nao ama hawaonekani, ama huonekana wakipiga mayowe. Mto wa damu yao, iliyomwagika hadi mauaji ya Wounded Knee ya Desemba 1890 na baadaye, haumo katika miji ile midogo yenye furaha. Huo ndio upungufu mkubwa wa sinema za mzaha, nami siwezi kuufunika kwa kicheko. Kisicho na damu kwenye kitambaa cheupe kilikuwa na damu ardhini. Mwenzangu mmoja shuleni alisema kuwa kwa sababu hiyo zisionyeshwe watoto kabisa. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani. Kama yule kijana asingeitazama sinema ile, asingeuliza swali lake, nami nisingetafuta jibu. Mtoto aliyecheka pamoja na mwalimu wake humwuliza maswali ambayo mtoto aliyekatazwa huyaficha.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, ushauri wangu ni mwepesi. Chagueni sinema iliyopewa idhini ya kuonyeshwa watu wa umri wote. Itazameni nanyi, msiwaachie watoto televisheni na kwenda kunywa chai. Ikiisha, waulizeni ni nani aliyecheka na ni nani asiyecheka, na kwa nini. Waulizeni pia ni nani ambaye hakuonyeshwa. Maswali hayo hayahitaji vifaa vya gharama.

Nisijisingizie utakatifu. Mara mbili baada ya siku ile nilikirudia kijiti changu, na nyuso za wanafunzi wale wawili bado ninazikumbuka. Kisha nikakitoa nyuma ya kabati na sikukirudisha tena. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, ilikuja kumhakikishia kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko, lakini wote tunajua kwamba habari za vijiti vya mpera bado zinasikika. Kwa wale wanaovishikilia nina neno moja tu: huo mnaouona ni mstari wa chaki, na watoto wanaelewa upesi kuliko mnavyodhani kuwa ile ni rangi.

Nanyi wanafunzi, ambao leo kila mmoja hujikunyata pembeni na simu yake akicheka peke yake, siku moja waiteni wazazi wenu, mketi pamoja mbele ya mojawapo ya sinema hizi kuukuu. Farasi watakimbia, mwovu ataangukia pipa la maji, na baba yenu atacheka kwa sauti msiyoizoea. Mkisha kucheka, muulizeni ng'ombe wako wapi.