URAIA SI MIAKA YA KUKAA TU

Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, akishika jembe miaka sitini, bado ni mgeni?

Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli kuanzia Mombasa. Reli hiyo ilifika hapa kwetu Kisumu mwaka wa 1901. Wengi wao walirudi makwao, lakini maelfu walibaki, na wenzao wakaja kufungua maduka.

Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba ilisema hivi: aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja pia kazaliwa Kenya, ni raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili waombe. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka wa 1967 sheria mpya zikawataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Maelfu wakakimbilia Uingereza, nayo ikawafungia mlango Machi 1968. Duka huku, pasipoti kule, na kote hawatakiwi!

Siku hizi kuna nafuu. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na mama humpa mtoto uraia sawa na baba. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44.

Basi wenzangu tunaokaribia miaka 18, tutunze vyeti vyetu vya kuzaliwa, kwani kitambulisho hakitolewi kwa maneno matupu. Mali bila daftari huisha bila habari.